Kukusanya vifaa vya sayansi kwa vitendo katika shule ya msingi: mwongozo kwa mwalimu anayeanza

Walimu wanaoanza kufundisha sayansi kwa vitendo huuliza maswali yaleyale. Ninunue nini kwanza? Nitafanyaje bila maabara? Sumaku moja itawatoshaje watoto arobaini na tano? Mwongozo huu ni wako wewe mwenye chumba cha kawaida, madawati na ubao, unayetaka wanafunzi washike, wapime na wajionee wenyewe badala ya kunakili michoro.

Jambo moja litangulie: usianzie dukani. Anza na swali la somo, hesabu makundi yako, kisha ndipo utafute kifaa. Wengi huenda kinyume. Hununuliwa hadubini moja ya gharama kubwa, ikafungiwa kabatini, na siku ya somo la saketi hakuna hata mkasi. Kwa kawaida kinachokwamisha kipindi cha vitendo ni kitu kidogo: selotepu iliyosahaulika, betri iliyokwisha, waya ambao ncha zake hazikuchunwa.

Uwe navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya mada za muhula mzima, si za wiki hii tu.
- Idadi kamili ya wanafunzi wa kila darasa utakalofundisha.
- Daftari moja la vifaa. Karatasi moja moja hupotea.
- Maboksi au trei, na kalamu ya wino usiofutika.
- Kabati au chumba kinachofungwa kwa kufuli.
- Idhini ya mkuu wa shule, hasa kama utatumia moto au utawaomba wazazi mchango wa vitu.
- Zana zako mwenyewe: mkasi imara, koleo, bisibisi, karatasi ya msasa, rula, selotepu na utepe wa umeme.

Jipe wiki tatu. Inawezekana kwa wiki moja, lakini mbegu zinahitaji siku za kujaribiwa na wazazi wanahitaji muda wa kukusanya chupa.

Hatua ya 1: Andika maswali, halafu vifaa

Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: swali, watakachofanya watoto, kitakachohitajika. Kwa mada ya umeme swali laweza kuwa "Vitu gani hupitisha umeme?" Watoto wataunganisha betri, balbu na waya, waache pengo, kisha wajaribu kuliziba kwa msumari, penseli, kizibo, kipande cha nguo. Sasa unajua unachotafuta.

Ukimaliza mada zote za muhula, zungushia duara vitu vinavyojirudia. Utaona vinarudi vilevile: chupa za plastiki angavu, uzi, mirija, mabomba ya sindano, sumaku, betri, balbu, mbegu, chumvi, kipimajoto, selotepu. Hicho ndicho kiini cha hazina yako. Kitu kinachotokea mara moja tu kwa mwaka kiache kwanza. Tafuta jaribio jingine linalojibu swali hilohilo kwa vifaa ulivyo navyo.

Hatua ya 2: Hesabu kwa makundi

Kundi liwe na watoto wanne, au watano wasizidi. Wa sita atakuwa mtazamaji, na mtazamaji ndiye atakayeanza fujo. Darasa la watoto 45 katika makundi ya watano lina makundi 9, kwa hiyo andaa seti 10: tisa zao na moja yako ya mbele, ambayo pia ni akiba. Vitu vinavyotumika vikaisha, kama pamba, siki, mbegu, maputo na mirija, viongezee sehemu moja ya tano.

Huwezi kupata seti kumi? Usikate tamaa ukaishia kuonyesha peke yako mbele ya darasa. Chagua majaribio matatu ya mada moja, andaa seti tatu za kila moja, na makundi yazunguke baada ya kila dakika 15. Makundi yote tisa yanakuwa kazini kwa wakati mmoja. Sharti ni kuwa na vipindi viwili mfululizo, na kila kituo kiwe na karatasi ya maelekezo mafupi, maana huwezi kusimama vituo vyote kwa pamoja.

Hatua ya 3: Kusanya vya bure

Waandikie wazazi wiki mbili kabla. Taja vitu vichache na uvitaje kwa usahihi: "chupa moja ya plastiki isiyo na rangi, ya nusu lita, yenye kizibo, iliyooshwa". Ukiandika "vifaa vya sayansi" utaletewa chochote. Na mtoto asiyeleta asiulizwe mbele ya wenzake wala asikatwe alama. Kuna nyumba ambazo hata chupa tupu ina kazi yake.

Vya kuomba: chupa, makopo ya plastiki yenye vifuniko, maboksi ya karatasi ngumu, vizibo, misumari, vibanio vya nguo, vitambaa vya wavu, na spika mbovu za redio. Ndani ya spika kuna sumaku nzuri ya duara. Itoe wewe mwenyewe kwa bisibisi, usiwape watoto kazi hiyo.

Vya kukataa hata ukipewa kwa moyo mwema:

- Vyombo vilivyowahi kuwa na dawa za wadudu, mafuta ya mashine au asidi. Kuoshwa hakutoshi.
- Mabomba ya sindano yaliyotumika hospitalini. Yanatakiwa mapya, bila sindano zake.
- Taa za mirija na balbu za kuokoa umeme za aina hiyo. Zikivunjika hutoa mvuke wa zebaki.
- Vipimajoto vya zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulilenga kuondoa bidhaa za namna hii, na darasa la watoto ndilo mahali pa mwisho pa kuziweka.
- Betri za gari, na chochote kinachochomekwa kwenye umeme wa ukutani.
- Betri bapa ndogo za saa, pamoja na sumaku ndogo zenye nguvu kubwa. Betri ya aina hii ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Sumaku mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuzitoboa. Hapa usilegeze hata kidogo.

Hatua ya 4: Tengeneza vya kupimia

Watu huiruka hatua hii, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote. Jaribio lisilo na kipimo huishia "tumeona imebadilika rangi". Lenye kipimo huzaa jedwali, na jedwali huzaa mabishano ya maana kati ya watoto.

*Jagi la kupimia.* Kata sehemu ya juu ya chupa yenye kuta zilizonyooka, kisha funika ukingo kwa selotepu usikate vidole. Bandika kipande cha karatasi wima kwa nje na ukifunike chote kwa selotepu ili kisilowe. Mimina maji mililita 20 kwa bomba la sindano, subiri yatulie, weka alama. Ongeza 20 nyingine, weka alama, endelea hadi juu. Kosa la kawaida ni kuweka alama mbili za mwanzo kisha kuzigawa nyingine kwa rula zilingane. Chini ya chupa pana mabonde na vilima, kwa hiyo alama za chini hazilingani na za juu. Pima kila moja.

*Mizani.* Tumia rula ya mbao au fito nyepesi ya sentimita 30. Toboa tundu katikati kabisa ya urefu, ila liwe juu kidogo ya mstari wa kati wa upana wake. Ukitoboa chini ya mstari huo, mizani itapinduka na haitatulia kamwe. Ning'iniza vifuniko viwili vinavyofanana kwa nyuzi zenye urefu sawa, kila kimoja umbali uleule kutoka katikati. Upande mmoja ukizidi, bandika kipande cha selotepu upande mwepesi mpaka fito ilale sawa. Kwa mawe ya mizani tumia maji: mililita 1 ya maji ina gramu 1. Weka kikombe kidogo cha plastiki upande wa maji na kingine kama hicho upande wa kitu kinachopimwa, ili uzito wa vikombe ujifute.

*Saa ya kuhesabia.* Funga jiwe dogo kwenye uzi na ulining'inize. Kutoka pale uzi unaposhikiliwa hadi katikati ya jiwe kukiwa na mita 1, kwenda na kurudi huchukua karibu sekunde 2. Kukiwa na sentimita 25, huchukua karibu sekunde 1. Bembeo liwe dogo. Watoto wakubwa wapewe kazi ya kugundua wenyewe kwamba uzito wa jiwe haubadilishi kitu.

Kipimajoto usijaribu kukitengeneza kwa ajili ya vipimo vya kweli. Nunua cha kimiminika chekundu, chenye kipimo cha kuanzia nyuzi −10 hadi 110 za Selsiasi. Kile cha kupimia homa huishia karibu na nyuzi 42 na hakifai kabisa kwa maji ya moto. Kabla ya kugawa, viweke vyote pamoja kwenye maji yenye barafu nyingi inayoyeyuka. Vinapaswa kusoma karibu na 0. Kinachokosea kwa nyuzi 2 kibandike utepe wenye kuandikwa "punguza 2", au "ongeza 2" kama kinasoma chini.

Hatua ya 5: Nunua vichache, ununue vinavyopatana

Orodha ya kununua ni fupi: betri, balbu za tochi pamoja na vishikizi vyake, waya, sumaku, vipimajoto, lenzi za kukuzia, mabomba mapya ya sindano, maputo, na chupa ndogo ya iodini.

Umeme ndio unaowaumiza kichwa wengi, kwa hiyo soma hapa polepole. Betri kavu ya kawaida ina volti 1.5. Mbili zikifuatana mkia kwa kichwa zinatoa volti 3. Balbu ya tochi ina namba iliyochongwa kwenye shingo yake ya chuma. Kwa betri mbili tafuta iliyoandikwa 2.5 V. Ukitumia ya 6 V itafifia usiione, na ya 1.5 V itaungua mapema. Nunua balbu zote za namba moja. Ukichanganya, kundi moja litapata mwanga mkali na jingine hafifu, na watoto watatafuta sababu isiyokuwepo.

Taa ndogo za diodi (LED) ni za bei nafuu na hudumu, lakini zina masharti. Nyekundu inahitaji karibu volti 2 na nyeupe karibu 3, hivyo betri moja haiwashi hata mojawapo. Tena hupitisha umeme upande mmoja tu: mguu mrefu uelekee upande chanya. Kwa nyekundu yenye betri mbili, weka rezista (kifaa kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme) ya ohm 100 njiani ili taa isiungue. Kwa darasa la mwanzo mimi huchagua balbu ya tochi. Waya wake mwembamba unaonekana kwa macho, na hata ukiigeuza inawaka.

Waya uwe laini, wenye nyuzi nyingi ndani na ganda la plastiki. Kata vipande vya sentimita 25, chuna sentimita 2 kila ncha, kisha sokota nyuzi zisitawanyike. Seti kumi zenye vipande vitatu zinahitaji mita 7.5. Nunua 10.

Angalizo: waya usiunganishwe moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila balbu. Hupata moto wa kuunguza vidole. Waeleze watoto kabla ya kugawa, na uwaonyeshe muungano wenyewe ubaoni. Stilwaya ya kusugulia masufuria isikae boksi moja na betri, kwa sababu vikigusana inaweza kushika moto.

Hatua ya 6: Andaa vimiminika na poda

Siki, chumvi, sukari na bikabonati ya soda (ile poda nyeupe ya kuumulia keki) zinatosha kwa majaribio mengi. Kila chombo kiwe na lebo ya jina na tarehe. Usitumie kamwe chupa ya kinywaji yenye lebo yake ya zamani. Sheria ya darasa ni moja: hakuna kuonja, hata kama ni sukari.

*Rangi ya kutambua asidi na besi.* Katakata kabichi la zambarau, mwagia maji ya moto, acha yapoe, chuja. Maji ya zambarau yanayobaki hugeuka ya waridi kwenye siki, na ya bluu au kijani kwenye bikabonati. Huharibika ndani ya siku chache na kunuka, basi yatengeneze jana yake.

*Maji ya chokaa*, kwa ajili ya kutambua kabonidayoksaidi kwenye pumzi. Tia kijiko kimoja cha chokaa iliyozimuliwa kwenye lita moja ya maji, tikisa, acha usiku kucha, kisha mimina taratibu maji maangavu ya juu. Yatunze kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni na kufungwa vizuri, maana hewa huyaharibu. Poda ya chokaa huunguza macho: kazi hii ifanye wewe, ukiwa na miwani ya kinga. Watoto watapuliza kwa mrija, wasivute. Toboa tundu dogo la pini sehemu ya juu ya kila mrija. Mtoto akijaribu kuvuta atapata hewa, akipuliza itapita kwa wingi wa kutosha.

*Iodini.* Punguza tone moja kwa matone tisa ya maji. Kwenye wanga hugeuka bluu nzito inayokaribia nyeusi. Inatia doa kwenye nguo, na doa hilo halitoki kirahisi.

Hatua ya 7: Jaribu mbegu mapema

Hesabu mbegu 10 za maharage, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa joto. Baada ya siku tano hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya saba, tafuta mbegu nyingine. Zile ni za zamani au zilihifadhiwa vibaya. Mbegu zilizopakwa rangi kali, nyekundu, bluu au kijani, kwa kawaida zina dawa ya kuua wadudu au ukungu. Hazifai kushikwa na watoto.

Hatua ya 8: Fanya jaribio lote mwenyewe

Ulifanye kwa vifaa vilevile watakavyotumia, kwenye dawati lilelile ikiwezekana, ukiangalia saa. Kisha zidisha muda wako mara mbili. Huo ndio wa watoto. Katika kipindi cha dakika 40, tano zinakwenda kwenye kugawa na kumi kwenye kukusanya na kusafisha. Jaribio linalokula dakika 30 mikononi mwako si la kipindi kimoja.

Hatua ya 9: Fungasha kwa kundi

Kila kundi lina boksi lenye namba, na ndani ya kifuniko kuna orodha: balbu 1, betri 2, waya 3. Mtoto mmoja ahesabu wakati wa kupokea na wa kurudisha. Kazi hii wape kwa zamu, utashangaa wanavyoifanya kwa uaminifu. Betri zitolewe kwenye vishikizi kabla ya kuhifadhiwa. Zikivuja hula chuma. Sumaku zipangwe mbilimbili, ncha ya kaskazini ikigusa ya kusini, na zisiangushwe wala kuwekwa kwenye joto, kwani hudhoofika.

Ikikwama

*Balbu haiwaki.* Fuata mpangilio: kaza balbu kwenye kishikizi, angalia kama betri zote zinaelekea upande mmoja, kisha ncha za waya. Ukiwa bado gizani, badilisha balbu na ile ya seti yako. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua tatizo lilikuwa wapi.

*Msumari uliozungushiwa waya hauvuti pini.* Waya mwembamba wa shaba una vanishi isiyoonekana kwa macho. Isugue kwa msasa ncha zote mbili hadi shaba ing'ae. Halafu zungusha mizunguko 50 hivi, yote upande mmoja. Unganisha kwa sekunde chache tu, kisha achia, maana hupata moto na kumaliza betri.

*Sumaku haishiki kopo wala kijiko.* Huenda sumaku haina kosa. Makopo mengi ya vinywaji ni ya alumini, na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havivutwi. Mwache mtoto aandike alichokiona, kisha mjadili.

*Maji ya chokaa hayageuki meupe kama maziwa yakipulizwa.* Ama yalikaa wazi yakaharibika, ama poda uliyopata ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, ambayo karibu hayayeyuki. Tafuta chokaa iliyozimuliwa na uanze upya.

*Yalikuwa meupe, yakawa maangavu tena.* Mtoto amepuliza kupita kiasi, na kabonidayoksaidi ikizidi ule weupe huyeyuka. Tumia maji mapya, mwambie asimame mara yanapogeuka.

*Makundi yanapata majibu tofauti.* Waulize kwanza walipimaje: jicho lilikuwa usawa wa maji au juu yake? Mizani ilikuwa imetulia bila kitu? Wapime mara tatu, wachukue jibu la katikati, na tofauti inayobaki iandikwe ubaoni kama ilivyo. Usiwalazimishe wafute namba zao ili zifanane na za kitabu.

*Vifaa vinapungua kila wiki.* Rudi kwenye orodha ya kifuniko na uhesabu kabla kengele haijalia, kila mtoto akiwa bado kwenye nafasi yake.